Mkwe Haoni Paja

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mimi ni Mayala. Miaka sabini na nne, meno ya mbele yote ni yangu. Nimeiona vita ya Kagera ikipita. Njaa mbili zimepita. Kipindupindu kimepita. Kinu cha pamba nilikofunga marobota kimefungwa chenyewe, mimi nipo. Madaktari watatu walinikataza chumvi na wote watatu nimehudhuria mazishi yao. Mke wangu Evelina naye nimemzika, hapa hapa Igoma, nyuma ya nyumba karibu na zizi. Kwa huyo sijisifu.

Kuandika nilijifunza ngumbaru, masomo ya watu wazima. Naandika kwa sababu Kahigwa naye anaandika.

Jambo lenyewe ni hili. Parokia yetu inafanya jubilei, kutakuwa na mbio, na wazee tumetengewa zetu, kutoka Kisesa mpaka uwanja wa kanisa Igoma. Jana baada ya misa binti yangu Hellen, anayekaa Nyegezi, alinikuta natoka chooni nimeshika ukuta. Akasema sasa basi. Chumba cha uani kwake kimeshapigwa rangi, nihamie, ng'ombe na ndama wauzwe. Nilishtuka. Rangi imepigwa lini? Nikasema mbele za watu kwamba mzee anayejiandaa na mbio hahamishwi kama sufuria. Hellen ana mdomo wa mama yake. Akajibu, sawa baba, ukizimaliza hizo mbio kwa miguu yako unabaki Igoma, sitakugusa tena. Usipozimaliza, unafunga mzigo siku hiyo hiyo.

Nikasema sawa. Mdomo ulisema kabla sijaushauri.

Kahigwa alikuwepo. Huyu ni mwalimu mstaafu, Mhaya. Binti yake Kokulinda ameolewa na mwanangu Jonathan, kwa hiyo ni mzazi mwenzangu na siruhusiwi kumpiga. Akasema atakuwa shahidi, na tena atakimbia na yeye, maana Msukuma bila mkia wa ng'ombe mbele yake hajui njia. Watu wakacheka. Hata padri.

Leo alfajiri nimeanza mazoezi. Njiani nikamkuta mama mmoja na ndoo ya dagaa kichwani, anakwenda kasi. Nikaona haifai kuachwa na dagaa. Nikaongeza mwendo. Nyuma ya paja la kushoto kitu kikasema pa, kama waya wa robota ukikatika. Nikasimama mdomo wazi. Mguu huu umenibeba miaka yote hiyo haujawahi kusema neno. Leo umesema.

Mama wa dagaa hakugeuka. Nimerudi nyumbani kwa kushika uzio wa watu.

Nikihamia Nyegezi, nani atafagia pale kwa Evelina?

Jumanne, 19 Agosti

Paja limekuwa rangi ya zambarau. Suruali nimeivaa nikiwa nimelala chini, na Nkwabi akaingia bila hodi akanikuta hivyo. Nkwabi ana duka la dawa za mifugo hapa jirani. Akaniuliza kama nacheza ngoma. Nikamweleza. Akasema mbona rahisi, niende kwa mkwe wangu Kokulinda, si ndiye mtaalamu wa misuli na viungo kule hospitali, watu wanatoka Magu kumfuata.

Nilimtazama sana Nkwabi. Msukuma, mtoto wa Msukuma, ananituma nikamfunulie paja mke wa mwanangu. Nikamuuliza kama kwao wazee wamekufa wote.

Kwetu mkwe haoni paja. Mkwe haoni hata goti. Akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Tukiwa na neno tunaambiana ukuta ukiwa katikati. Kokulinda ni Mhaya lakini jambo hili amelishika kuliko mabinti zetu. Hapo sina la kumlaumu, hata kama baba yake ni yule.

Jioni akaja kuleta ndizi. Shikamoo baba, kutoka upande wa pili wa ukuta wa jiko. Marahaba mkwe wangu. Hapo akili ikanijia. Nikamwambia kuna ng'ombe wangu ameumia nyuma ya paja la kushoto, alikuwa anakimbia, likasema pa.

Akauliza, ng'ombe anakanyaga? Nikasema anakanyaga kwa heshima. Ana umri gani? Nikasema ni wa makamo, lakini ukimwona hutadhani. Akakohoa. Akasema huyo ng'ombe apumzike, awekewe barafu, asisuguliwe na kitu cha moto chochote. Na kama ana mpango wa mbio siku za karibuni, aufute.

Nimeshangaa sana. Ng'ombe gani ana mpango wa mbio? Huyu binti kweli amesoma?

Barafu nitaweka. Kupumzika aliambiwa ng'ombe.

Alhamisi, 21 Agosti

Barafu za dukani ni za watoto, zina rangi na sukari. Nimepaka moja, sisimizi wakaja.

Barafu ya kiume iko mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Nikapanda gari mpaka ziwani, kwa Antoni, wakala wa sangara, tuliwahi kufanya naye kazi kinuni. Antoni hakuwepo. Kasha lake lilikuwepo, limejaa sangara na barafu iliyosagwa. Nikakaa pembeni, nikazamisha mguu mpaka nyonga, nikajifunika gunia. Raha niliyoisikia haina jina. Upepo wa ziwa usoni, sangara wamenilalia gotini. Nikasinzia.

Nimeamshwa na kelele. Antoni kafunua gunia mbele ya wanunuzi wawili wenye makoti meupe. Wao wameshtuka. Mimi nimeshtuka. Sangara mmoja ameanguka. Antoni akasema Mzee Mayala, unanitafutia nini, hawa samaki wanakwenda Ulaya, mguu wako una kibali? Nikamjibu mguu wangu ni safi kuliko sangara wake, haujawahi kula ndugu yake. Akachukua kafi.

Nikakimbia. Niandike tena: nikakimbia. Kutoka kwenye makasha mpaka barabarani, na Antoni ni mdogo kwangu, na hakunipata. Kwa hiyo mguu umepona.

Kwenye gari wamenishusha watu wawili. Hiyo ni kwa sababu ya ngazi ya gari, ilikuwa juu.

Jumamosi, 23 Agosti

Mguu haujapona. Lakini Kahigwa anatakiwa aamini umepona. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba yangu na viatu vya kukimbilia rangi ya limau na soksi ya goti, anahesabu kwa Kiingereza ili nisikie.

Nikapanga. Nimekaa nyuma ya zizi, nikajimwagia ndoo ya maji kifuani na kichwani, nikatokea barabarani nahema kama nimetoka Magu. Kahigwa akanisalimia mwangaluka, kwa kejeli, Kisukuma chenyewe kinamkwama kooni. Nikamwambia nimetoka Kisesa na kurudi. Akanizunguka polepole kama anasahihisha daftari. Akauliza mbona jasho langu limeishia kwenye mkanda. Akanusa. Akauliza tena, siku hizi Wasukuma wanatoka jasho la sabuni ya kufulia?

Ndoo ilikuwa ya kufulia. Sikuangalia.

Nikamwambia anayekula senene hana haki ya kunusa watu. Akacheka mpaka akashika goti lake lenye soksi. Nimeliona goti lile. Nadhani naye linamuuma.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo nimeamua dawa. Ninalo kopo la mafuta ya kiwele, yale tunayompaka ng'ombe chuchu zikipasuka. Kokulinda alisema ng'ombe, basi na dawa iwe ya ng'ombe. Nkwabi aliponiuzia alisema hayo ni mafuta tu, hayana nguvu, yanalainisha. Nikaona nguvu naweza kuongeza mwenyewe. Nimetwanga pilipili kichaa, nikachanganya. Nkwabi angesema kidogo. Kidogo ni cha watu wa Nyegezi.

Nikapaka vizuri, nikafunga na kitambaa, nikatoka mazoezini.

Kwanza haikuwa na shida. Tatizo lilikuwa nyuma. Nasikia kwato. Nageuka, ndama. Kakata kamba, kafuata harufu ya kiwele, ananisukuma paja kwa pua. Namfukuza, anarudi. Watu wa karakana zote za barabara ya Musoma wametoka nje. Mmoja akauliza, babu, mtoto anataka nyonyo, mbona unamnyima? Nimepita Igoma yote nikifuatwa na ndama anayenililia. Kahigwa alikuwa anakunywa chai barabarani. Alivua kofia.

Halafu pilipili ikaanza kazi.

Sitaandika habari hiyo. Niseme tu kwamba nimemaliza maji ya pipa.

Jumanne, 26 Agosti

Malengelenge. Paja zima. Sijawahi kuona kitu kama kile kwenye mwili wangu, na nimewahi kuangukiwa na robota.

Kokulinda kaja, kasimama nje ya ukuta. Kabla sijasema, akauliza hali ya ng'ombe. Nikasema ameungua kidogo. Akauliza kaunguaje, nikasema mambo ya ng'ombe hayaelezeki. Akauliza kama kuna mtu kampaka ng'ombe pilipili, maana habari za mjini zinasema hivyo. Nikasema mjini wanapenda maneno.

Ameniwekea dawa juu ya ukuta, tyubu nyeupe. Akasema ya ng'ombe, asubuhi na jioni. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nadhani ana mafua. Akaongeza kwamba mpaka vidonda vikauke, ng'ombe asivalishwe suruali.

Akaondoka. Mimi sipendi kumdanganya mkwe. Dawa kasema ya ng'ombe, basi nimempaka ng'ombe. Kilichobaki nimejipaka mimi.

Ijumaa, 29 Agosti

Kweli suruali haivaliki. Nimejaribu ya kitambaa, ya jinzi, hata ya marehemu kaka yangu ambayo ni pana kama hema. Ikigusa tu, naona nyota mchana. Mbio ni kesho.

Nimeichukua bukta ya Jonathan aliyokuwa anachezea mpira sekondari. Nyekundu. Fupi kuliko ninavyokumbuka. Nimejitazama, nikashangaa miguu yangu ilivyo mizuri bado.

Lakini mimi si mjinga. Nimempigia simu Jonathan, nikamuuliza kwa mbali, mkwe wangu kesho atakuwa wapi. Akasema kesho yupo kazini, baba, zamu ya kutwa. Nikamuuliza tena, ana hakika? Akasema kabisa. Nimemshukuru Mungu na hospitali.

Jioni nimefagia kwa Evelina. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Siku zote akinisikia nikisema hivyo ndipo alikuwa anaanza kuwa nao.

Jumamosi, 30 Agosti

Usiku huu naandika nimelala. Lazima iandikwe ilivyokuwa.

Tumeanzia Kisesa. Wazee wa parokia nzima, wengine wana fimbo. Kahigwa ana miwani ya jua. Akaitazama bukta yangu nyekundu, akaniuliza mzazi mwenzangu, umekuja kukimbia au kuuza nyanya? Filimbi ikalia kabla sijajibu. Aliondoka kama mshale. Mimi nikaondoka kama mimi.

Penye wauza miwa mguu ukaanza kusema. Nikauambia nyamaza. Ukasema zaidi. Nikawa natanguliza wa kulia, wa kushoto nauvuta unifuate. Kahigwa alishapotea mbele, na hapo nikaiona Nyegezi. Nikauona ule ukuta wenye rangi mpya.

Lakini nimesahau kuandika kwamba Kahigwa amefundisha watoto wa barabara ile yote. Nikapinda kona, huyo hapo, amesimama. Shikamoo mwalimu. Marahaba, wewe si yule wa dawati la nyuma, unafanya kazi gani sasa? Kijana wa bodaboda anamjibu. Anaondoka, hatua chache, shikamoo mwalimu, anasimama tena. Hawezi kuacha. Kila mmoja anamuuliza na matokeo yake ya hesabu. Nimempita akiwa anamkaripia fundi cherehani kwa mwandiko mbaya. Nimempita, mguu mmoja na nusu.

Nikaingia uwanja wa kanisa mimi mbele, yeye nyuma. Watu wamesimama. Kwaya inaimba. Hellen yupo karibu na mstari, amefunga mikono, lakini mdomo unamcheza. Nikanyanyua mkono wa ushindi.

Pale mstarini pana meza. Mezani pana mtu anaandika namba za wanaomaliza. Kokulinda.

Kazini. Hospitali imemtuma kuhudumia mbio, na kazini kwenyewe ndipo pale.

Miguu yote miwili iligoma. Nilikuwa na bukta ya kiganja kimoja na paja lenye malengelenge, mbele ya mke wa mwanangu, mchana kweupe, padri anatazama. Nikaruka nyuma ya ubao wa matangazo ya kanisa, nikachuchumaa. Alikuwa ameinama anaandika. Sidhani kama alikuwa ameinua uso.

Uwanja mzima ukapiga kelele, kimbia mzee, umefika. Mtangazaji kwenye kipaza sauti akasema Mzee Mayala betri imekwisha. Hellen alikuwa anatikisa kichwa. Mimi siwezi kutoka na siwezi kueleza. Kahigwa akaja anahema, akanikuta pale chini. Akauliza mzazi mwenzangu, unachimba dawa kanisani? Nikamwonyesha kwa kidole pale mezani. Akamtazama binti yake. Akaitazama bukta. Akaniambia pole sana, kwa moyo kabisa.

Halafu akanipita.

Aliyeelewa ni Jonathan. Nilimwona anakimbilia kwa akina mama wa kwaya, anawanong'oneza. Akina mama wale ni Wasukuma, hawakuuliza mara mbili. Wakafungua vitenge vyao vya kiunoni, wakavishika pembe kwa pembe, wakatengeneza ukuta mrefu kati ya meza na njia. Kokulinda mwenyewe akajifunika kichwa chake kwa kitenge na akageukia upande wa kanisa. Nikatoka. Nikavuta mguu ule nyuma ya vitenge, taratibu, na hakuna mtu aliyecheka. Nikavuka mstari.

Nikadhani yamekwisha. Mtangazaji akasema utaratibu ni utaratibu, mzee ambaye meza haijamwona hajamaliza. Wote wakamgeukia Kokulinda. Hellen akamuuliza, wifi, umemwona baba akivuka?

Akisema ameniona, mimi ni mzee aliyemwonyesha mkwe paja lake, na nisiende tena msiba wowote kuanzia Igoma mpaka Magu. Akisema hajaniona, nimehamia Nyegezi. Sikujua niombe lipi. Nilikuwa nafikiria ufagio pale nyuma ya nyumba.

Kokulinda hakugeuka. Kutoka ndani ya kitenge akasema hakuona mtu yeyote.

Hellen akafumba macho.

Akasema, ila nimesikia ng'ombe akivuka mstari. Anaburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Namjua, ni ng'ombe wangu wa matibabu, nimemkataza mbio hizi na hakusikia. Mwandikeni.

Vigelegele vile sijawahi kuvisikia hata siku ya harusi yangu. Hellen alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, halafu nikaona anajifuta macho. Akaja akanifunga khanga yake kiunoni. Akasema baba, ahadi ni ahadi, bakia na ng'ombe wako.

Nimeandikwa nyuma ya Kahigwa. Hilo litakatiwa rufaa.

Jumapili, 31 Agosti

Leo siwezi kusimama. Hellen ametimiza ahadi, sihamishwi. Lakini hakuniambia upande wa pili wa ahadi. Asubuhi naona godoro linaingia, sufuria zinaingia, Jonathan anaingia, na nyuma yake sauti, shikamoo baba. Wamehamia wao. Kokulinda atanitibu mpaka nipone, kupitia ukutani, na Jonathan ndiye atakayekuwa mikono yake. Nimeshtuka kuliko siku zote nilizoandika hapa.

Akapita ukumbini kwenda jikoni na mimi nilikuwa ukumbini. Mlango wa nyuma ulikuwa mbali. Mtu mwenye adabu anafanya nini? Nimetoka dirishani.

Nilipotua, paja la kulia likasema pa.

Kutoka ndani Kokulinda akauliza baba, ni nini hicho? Nikamjibu ni ng'ombe wa pili.

Akasema wote wawili wapumzike.

Watapumzika. Mimi nimesikia mwezi wa kumi na mbili kuna mbio nyingine, zinapita kandokando ya ziwa, na Kahigwa ameshajiandikisha. Kesho mkwe akienda kazini naanza mazoezi mepesi. Mafuta ya kiwele yamebaki nusu kopo, na safari ile kosa langu nimeligundua, pilipili ilikuwa ya zamani.

Anayebisha haya akamuulize Nkwabi wa dawa za mifugo, aliyeniona kabla na baada. Antoni wa mwaloni anajua mbio zangu, aulizwe mbali na samaki. Kahigwa naye alikuwepo, ila Mhaya huongeza, apunguzwe nusu. Na yupo mkwe wangu Kokulinda, aliyekaa pale pale mstarini, na hakuona kitu.